Sahihi ya Juu

Meli mbili za Mamlaka ziligongana saa nne kamili asubuhi, jua likiwaka, bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni, na kila moja ilikuwa imeiona nyingine kwa dakika ishirini na tano. Moja ilikuwa kivuko cha abiria kinachoitwa Umakini. Nyingine ilikuwa meli ya ukaguzi inayoitwa Maelewano. Maelewano iliipasua Umakini ubavuni, pale penye jiko, ikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni, kisha ikasimama kutazama.

Umakini ilichukua dakika arobaini kuzama. Abiria wake themanini na sita waliokolewa na magodoro ya bweni la shule, ambayo yalikuwa yamepakiwa juu kinyume cha kanuni. Maboya ya kuokolea yalikuwepo, tena mapya, lakini yalifungiwa kabatini yasiibiwe, na ufunguo ulikuwa nchi kavu. Mwenye magodoro alipewa onyo la maandishi.

Kesho yake Mamlaka ya Mapishano ya Vyombo ilitoa tangazo:

"Mamlaka inapenda kuufahamisha umma kwamba hapo jana vyombo vyake viwili vilikutana baharini. Katika tukio hilo hakuna abiria wala mfanyakazi aliyepoteza maisha. Mamlaka inawapongeza wote waliohusika, na itamchukulia hatua kali yeyote aliyehusika."

Tangazo hilo liliandikwa na Katibu wa Mamlaka. Alilisoma mara tatu kabla ya kulipeleka ubaoni, na kila mara lilimpendeza zaidi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha kukaa na kalamu mbili mfukoni, na kwa miaka kumi na tisa aliamini kwamba jambo likiandikwa vizuri limekwisha nusu.

Kwenye ile sentensi ya pili palikuwa na kajambo. Mpishi wa Umakini alikuwa amekufa. Alikuwa chini, jikoni, pale pale Maelewano ilipoingilia, na hakupanda tena. Lakini mpishi hakuwa abiria, kwa sababu hakuwa na tiketi. Wala hakuwa mfanyakazi, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Alipika kwenye kivuko hicho miaka sita kama kibarua wa siku, na barua ya kumwingiza kwenye orodha ilikuwa ofisini ikisubiri sahihi. Katibu alilitafakari jambo hilo kwa uaminifu kabisa. Mtu ambaye si abiria wala si mfanyakazi, akifa majini, nani amekufa? Akaiacha sentensi kama ilivyo.

Sasa ni lazima ielezwe habari ya sahihi, maana bila hiyo Mamlaka haieleweki.

Mamlaka ilikuwa na wakurugenzi wawili, Mkurugenzi wa Bandari na Mkurugenzi wa Bahari. Waliteuliwa siku moja, kwa barua moja, majina yao yakiwa ubavu kwa ubavu. Aliyeandika barua hiyo alidhani anafanya haki. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Viti vyao vilipimwa na fundi seremala kwa rula mbele ya mashahidi. Meza ya mikutano ilikatwa ikawa duara ili isiwe na kichwa. Chumba cha mikutano kilitobolewa ukuta kikawa na milango miwili, kwa sababu kwenye mlango mmoja mtu mmoja hutangulia. Ukuta uliotobolewa ndio uliokuwa unabeba dari, kwa hiyo dari ilishikiliwa na gogo, na wajumbe walizoea kulikwepa.

Yote hayo yaliwezekana. Kilichoshindikana ni karatasi. Karatasi ina juu na ina chini. Fomu za Mamlaka zilikuwa na mistari miwili ya sahihi, ofisa mkubwa juu, ofisa mdogo chini. Kila mkurugenzi alikuwa tayari kusaini fomu yoyote, wakati wowote, pale juu. Kwa hiyo fomu zilikaa. Barua ya mpishi ilikaa. Ombi la ufunguo wa pili wa kabati la maboya lilikaa. Ombi la penseli za mnara wa kuongozea meli lilikaa pia, na hilo tutalirudia.

Tume iliundwa wiki hiyo hiyo. Wenyeviti wenza wakawa Mkurugenzi wa Bandari na Mkurugenzi wa Bahari. Sababu ilielezwa wazi: mmoja alikuwa ndani ya Umakini akienda ng'ambo, mwingine alikuwa ndani ya Maelewano akirudi, kwa hiyo hapakuwa na watu wenye uzoefu wa ajali ile kuwazidi. Katibu wa Tume akawa Katibu. Kazi ya Tume ilikuwa kumtafuta mhusika.

Kikao cha kwanza kilijadili kama meli ziligongana. Baada ya siku mbili ilikubaliwa kwamba ziligongana, ila kwa kiasi. Kikao cha tatu kililihoji jua. Kikao cha saba kilijadili bahari, ikaonekana ilikuwa shwari mno kiasi cha kuwashawishi watu wasiwe na wasiwasi, na suala hilo likaandikwa kwamba lifuatiliwe. Mke wa mpishi alikuja kila kikao. Alikaa benchi la mbele, mkoba magotini, na mwisho wa kikao alinyoosha mkono.

"Na mume wangu?"

"Suala lako lipo kwenye utaratibu, mama," alijibiwa, na ikaandikwa kwamba amejibiwa.

Kikao cha kumi na moja, Mkurugenzi wa Bandari alichoka.

"Jamani, tusizunguke mbuyu. Usukani wa Umakini alikuwa ameushika nani?"

"Sukani wa Umakini, nahodha wake, mheshimiwa," Katibu alisema.

"Basi. Si ndiye huyo?"

"Ndiye," alisema Mkurugenzi wa Bahari. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana mbele ya watu tangu wateuliwe, na chumba kizima kilitulia kwa heshima ya jambo hilo.

Kalamu ya Katibu ilisimama. Sukani wa Umakini alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe kabisa, baba mmoja mama mmoja.

Aliporudi nyumbani saa kumi na moja alimkuta Sukani mwenyewe amekaa mezani, anamenya viazi. Alikuwa mtu mrefu, mikono mipana, aliyeendesha vivuko miaka ishirini na miwili bila kugusa hata nguzo ya gati. Tangu ajali, cheti chake cha unahodha kilikuwa kimezuiwa, na mikono ile ilikuwa ikitafuta kazi popote. Wiki hiyo alikuwa amekwisha rekebisha bawaba zote za milango ya Katibu.

"Shemeji," alisema Sukani, "wameamua nini leo? Bado ni bahari?"

Katibu alivua viatu taratibu sana. "Leo tumepiga hatua."

"Kuelekea wapi?" aliuliza mkewe kutoka jikoni.

"Kuelekea... mtu."

Mkewe alitoka na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake, akaelewa. "Wewe Bwana Katibu, sema vizuri. Mtu gani?"

"Tume imebaini kwamba aliyekuwa ameshika usukani..."

"Ishia hapo hapo!" Mwiko uliinuka. "Kaka yangu kaomba ruhusa ya kupinda mara tatu. Mara tatu! Abiria wamesikia. Viti vimesikia. Na wewe umekaa huko unaandika?"

"Mimi ni katibu, mke wangu. Katibu haamui. Katibu anaandika."

"Basi andika na hili. Kaka yangu akilala ndani, wewe utalala nje. Na nje ya hapa hakuna gogo la kukushikia dari."

Sukani alicheka, kisha akaacha. "Ni miaka mingapi, shemeji?"

"Mitano. Na cheti kinafutwa."

"Mitano," alisema Sukani. Aliendelea kumenya, ila kiazi kile alikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, alishindwa kupisha chombo kingine. La pili, alipisha chombo kingine bila ruhusa. Maana dakika ya mwisho Sukani aliamua mwenyewe, akazungusha usukani kwenda kulia kama sheria ya bahari inavyosema: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Alipinda peke yake. Maelewano haikupinda. Ndiyo maana Umakini ilipigwa ubavuni. Mafundi walisema kama zingekutana pua kwa pua, magodoro yangesaidia wachache. Mafundi walishukuriwa kwa mchango wao na hawakuitwa tena.

Sukani alihojiwa siku moja tu.

"Kwa nini hukupisha?" aliuliza Mkurugenzi wa Bandari.

"Niliomba ruhusa, mheshimiwa. Waraka Namba Tisa unasema chombo chenye ofisa mdogo kikipishe chenye ofisa mkubwa, na nahodha asijiamulie. Nikauliza nipishe au nipishwe."

"Ulimuuliza nani?"

"Wewe, mheshimiwa. Ulikuwa umesimama hapa," akaonyesha bega lake la kushoto.

"Usinitaje. Mimi hapa ni Tume."

"Basi nilimuuliza mtu aliyefanana sana na Tume."

Watu wa mabenchi ya nyuma walianza kucheka, wakaonywa.

"Na kwa nini baadaye ukapinda?"

"Niliona meli inakuja."

"Unakiri kwamba ulipinda kwa sababu ya kuona!" Mkurugenzi wa Bahari alimgeukia Katibu. "Andika. Amekiri."

Katibu aliandika. Hakumtazama shemeji yake, na shemeji yake hakumtazama yeye, na hivyo ndivyo wote wawili walivyojua kwamba wanatazamana.

Kilibaki kitu kimoja, daftari la mnara. Redio za meli huachwa wazi muda wote, kwa hiyo kila linalosemwa penye usukani husikika mnarani, na Karani wa Mnara huliandika kwenye daftari pamoja na saa yake. Mamlaka ilikuwa na desturi yake katika hilo, na ilijivunia. Karani aliandika kwa penseli. Ijumaa mchana wakurugenzi walikutana, wakalipitia daftari kwa kifutio, wakasahihisha yale ambayo hayakupaswa kuwa yametokea, kisha karani akapitisha wino juu ya yaliyobaki. Waliiita Ijumaa ya Wino. Kwa njia hiyo Mamlaka ilikuwa imepitisha miaka tisa bila kosa hata moja. Ijumaa iliyofuata ajali wakurugenzi hawakwenda, walikuwa wanapokea wageni wa kuwapa pole. Iliyofuata wakasahau, na miezi ikapita hivyo. Sasa uamuzi ulikuwa keshokutwa, na Katibu alitumwa akalilete daftari pamoja na kifutio kipya.

Karani wa Mnara alikuwa mama mmoja mkavu, miwani imefungwa uzi, hana muda na mtu. Alilisukuma daftari mezani bila kusema. Katibu alilifungua kwenye siku ya ajali. Akasugua neno la kwanza kwa kidole. Halikufutika. Akalilowesha mate kidogo. Halikufutika.

"Hii ni nini?"

"Wino."

"Dada, wino si Ijumaa?"

"Penseli zimekwisha. Ya mwisho niliitumia mpaka ikawa kama kucha. Jumatatu jioni ikanidondoka, ikaingia kwenye ufa wa sakafu. Jumanne asubuhi meli zinagongana, mimi nina kalamu ya mwanangu ya shule. Nifanyeje, nichore kwa mkaa?"

"Ungeomba."

"Nimeomba! Miezi minne kabla ya ajali!" Alivuta droo, akatoa nakala ya ombi. Mistari miwili ya sahihi ilikuwa mitupu. Pembeni, kwa mwandiko wa wakurugenzi wawili, iliandikwa mara sita: Aanze mwenzangu chini. "Nenda kamwulize aliyekutuma anataka nani aanze chini."

Katibu alikaa kitini. Alisoma ukurasa wote, tangu saa tatu na dakika thelathini na tano mpaka saa nne na dakika moja. Aliusoma tena. Kisha akafanya jambo alilokuwa akilifanya kwa kila karatasi iliyopita mikononi mwake kwa miaka kumi na tisa. Alitoa mhuri mfukoni, akaupulizia, akaugonga juu ya ukurasa. LIMEPOKELEWA.

Karani alishusha miwani. "Umefanya nini?"

"Nimelipokea."

"Unajua kitu kilichopokelewa hakiwezi kupotea bila fomu?"

"Nilisaidia kuziandika kanuni hizo," alisema Katibu. "Naona zimeandikwa vizuri."

Siku ya uamuzi, saa moja kabla ya kikao, wakurugenzi waliuona ukurasa. Mkurugenzi wa Bandari alisugua mpaka kifutio kikakatika. Mkurugenzi wa Bahari alitokwa jasho mpaka masikioni.

"Chana," alisema.

"Umepokelewa, waheshimiwa," alisema Katibu. "Ukurasa uliopokelewa huondolewa kwa Fomu ya Kuondoa. Na kwa mujibu wa kanuni zenu, kielelezo ambacho hakijaondolewa husomwa chote mbele ya watu kabla ya uamuzi. Fomu ninayo."

Akaiweka katikati kabisa ya meza ya duara. Ilikuwa moja. Ilikuwa na mistari miwili.

Mkurugenzi wa Bandari alichomoa kalamu. "Haya, upesi. Saini, mwenzangu."

"Saini wewe kwanza."

"Nasaini. Naona umeniachia pale juu, vizuri."

"Sikukuachia. Juu ni pangu."

"Ndugu yangu, watu wanaingia. Huu si wakati wa utoto."

"Ndiyo maana nakuambia saini chini tumalize."

"Jina langu kwenye barua lilikuwa kushoto!"

"Kushoto kwa nani? Mimi nilichukua barua saa nne, wewe ulikuja saa tano, unanuka usingizi!"

"Bwana Katibu," alisema Mkurugenzi wa Bandari, sauti imebadilika, "hakuna fomu yenye mistari iliyokaa ubavu kwa ubavu?"

"Iliombwa, mheshimiwa. Ombi linasubiri sahihi."

Nje kengele ililia. Wakatoka, mmoja kwa mlango huu, mwingine kwa mlango ule, kwa wakati mmoja kama walivyozoea. Fomu ilibaki mezani, safi kama ilivyotoka kiwandani. Katibu aliikunja akaitia mfukoni, maana hata fomu tupu ni mali ya Mamlaka.

Ukumbi ulijaa. Waliokuwa abiria walikuja, mwenye magodoro alikuja na barua yake ya onyo, mke wa mpishi alikuwa benchi lake. Sukani alikaa kati ya askari wawili, amevaa shati lililopigwa pasi na dada yake, na dada mtu alikaa nyuma yake akimkazia macho mumewe kama kitu alichoiazimisha Tume na anataka kirudi. Pembeni kabisa alikaa Bibi wa Wizarani, mtu mzima mwenye mkoba mkubwa, aliyetumwa kuitazama Tume tangu kikao cha kwanza. Alikuwa hajawahi kusema neno. Watu waliamini anasinzia.

"Katibu asome uamuzi," alisema Mkurugenzi wa Bandari haraka.

"Kabla ya uamuzi," alisema Katibu, "kielelezo ambacho hakijaondolewa." Akafungua daftari. Alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea orodha ya vifaa vya usafi.

"Saa tatu na thelathini na tano. Umakini yaiona Maelewano mbele, uso kwa uso. Maelewano yaiona Umakini. Saa tatu na thelathini na nane. Sukani wa Umakini aomba kupinda kulia. Mkurugenzi wa Bandari: Subiri. Saa tatu na arobaini. Bandari kwa Bahari: Nipishe, mimi ndiye mkubwa. Bahari kwa Bandari: Mkubwa kwa nani? Mkubwa ni mimi. Saa tatu na arobaini na tatu. Bandari: Nasema mimi ndiye ofisa mkubwa wa Mamlaka hii. Bahari: Niandike mimi ndiye mkubwa, na mnara usikie. Mnara: Nimesikia."

"Inatosha," alisema Mkurugenzi wa Bahari.

"Kanuni inasema chote, mheshimiwa. Saa tatu na arobaini na tisa. Sukani aomba mara ya pili. Bandari: Nimekwambia subiri, hili ni suala la uongozi. Saa tatu na hamsini. Bandari: Mpishi! Tukisubiri hapa, shuka uniletee chai. Sukari mbili."

Ukumbi ulikuwa unacheka mpaka hapo. Ukaacha.

"Saa tatu na hamsini na saba. Bandari: Mpishi, chai bado? Saa tatu na hamsini na nane. Sukani aomba mara ya tatu, kwa kupiga kelele. Bandari: Ukipinda nakufukuza. Bahari: Na wangu akipinda namfukuza. Saa tatu na hamsini na tisa. Sukani wa Umakini apinda. Saa nne kamili. Kishindo. Saa nne na dakika moja. Bandari: Nani kafanya hivi?"

Mke wa mpishi alikuwa amesimama. Hakunyoosha mkono.

"Huyo aliyeambiwa ashuke," alisema, "ni nani?"

"Mama, kaa chini, suala lako lipo kwenye..."

"Nimekaa miezi saba. Namuuliza mwenye daftari. Kaandikwa humo?"

"Kaandikwa, dada," alisema Katibu.

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

Akakaa.

Hapo Bibi wa Wizarani alifungua mkoba wake, akatoa Waraka Namba Tisa. Ulikuwa umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Wanangu," aliwaambia wakurugenzi, "huu waraka mliuandika nyinyi. Una kifungu cha mwisho. Nadhani mlikiweka ili upendeze. Kinasema: panapotokea dosari, dhamana yote itabebwa na ofisa mkubwa kuliko wote waliokuwepo. Nahodha anatii tu." Alivua miwani. "Sasa mnisaidie mimi mtu mzima. Kati yenu, mkubwa ni nani?"

Mkurugenzi wa Bandari aliinua kidole, akamwelekezea mwenzake.

"Ni yeye," alisema Mkurugenzi wa Bandari.

"Nani, mimi?" Mkurugenzi wa Bahari alishika kifua. "Mimi kwako ni mtoto! Jina lako lilikuwa kushoto!"

"Kushoto si kitu. Wewe ulichukua barua saa nne. Mimi nilikuja saa tano, tena nikiwa na usingizi, mwenyewe umesema."

"Siku zote namwita kaka. Muulizeni. Kaka, si nakuita kaka?"

"Hujawahi! Mheshimiwa bibi, mimi hata kile kiti nilikuwa naona kinanizidi."

"Bwana Katibu," alisema Mkurugenzi wa Bahari, na sasa sauti ilikuwa nyembamba, "ile fomu iko wapi? Nipe. Nasaini chini. Nasaini chini sasa hivi."

"Na mimi chini," alisema mwenzake.

Katibu aliitoa fomu mfukoni, akaikunjua, akaitazama. "Mstari wa chini ni mmoja, waheshimiwa," alisema. "Na wa juu hauwezi kubaki mtupu."

Watu walicheka mpaka askari waliomshika Sukani wakamwachia ili wajishike wenyewe. Bibi wa Wizarani hakucheka. Alisema daftari limekwisha jibu swali lake: kila mmoja ametamka kwa kinywa chake kwamba ndiye mkubwa, mnara umesikia, na kwa bahati nzuri penseli zilikuwa zimekwisha. Wote wawili waliandikiwa barua moja ya kufukuzwa na kupelekwa mahakamani, majina yao ubavu kwa ubavu. Inasemekana kila mmoja aliomba jina lake lihamishiwe kulia.

Sukani alitembea mpaka mbele, akapokea cheti chake kutoka kwa Katibu.

"Asante, shemeji."

"Mimi nimesoma tu."

"Leo utalala ndani," alisema mkewe, akipita.

Hesabu ya mwisho ya ajali iliandikwa na Katibu mwenyewe, kwa wino, siku ya Jumatano, na hakuna aliyekuja kuisahihisha. Kivuko kimoja, kimezama, hakijainuliwa. Meli moja ya ukaguzi, imepondeka pua. Magodoro mia moja na arobaini, yamelowa, watoto wa bweni wamelala kwenye mikeka muhula mzima. Vikao thelathini na tatu. Miezi saba ya Sukani nchi kavu. Maboya hamsini ya kuokolea, mapya, yako ndani ya kabati chini ya bahari, ufunguo uko salama. Penseli, kasha moja, zimefika.

Na mtu mmoja, mpishi, miaka arobaini na mitatu, mke na watoto wanne. Barua yake ilipata sahihi zote mbili wiki hiyo, za makaimu wa wakurugenzi. Jina lake liliingizwa kwenye orodha ya wafanyakazi Alhamisi, ili Ijumaa liweze kufutwa kwa utaratibu.